Simu ya kukunja ikifungwa haiiti, ikifunguliwa inaita. Ni setingi au waya?

#1 KitindaMimba
Wakuu habari. Niende moja kwa moja. Mzee wangu ana simu ya kukunja ya zamani, zile za mfuniko, anaipenda kuliko sisi watoto wake. Tumemnunulia simu ya tachi mara mbili, zote zimeishia kwa wajukuu. Sasa tangu wiki iliyopita ikiwa imefungwa haiiti. Unampigia, huku kwako inaita kabisa mpaka inakata, yeye kakaa nayo mezani hapo hapo hasikii kitu. Ikiwa imefunguliwa inaita mpaka nyumba nzima inajua. Kioo kidogo cha nje kilishakufa siku nyingi kwa hiyo hata mwanga wa kusema kuna mtu anapiga hatuoni. Vibration nayo haijawahi kufanya kazi tangu niijue hiyo simu.

Msiniulize ni simu gani. Jina kwenye mfuniko limefutika limebaki kaduara kamoja, na karatasi ya chini ya betri imesuguka mpaka nyeupe. Fundi wa kwanza kasema waya umekatika, wa pili kasema setingi, hakuna hata mmoja aliyeifungua. Natanguliza shukrani.

#2 SitiYaMbele
Nimevuta kiti nasubiri mafundi.

#3 FundiBawaba
Hiyo fleksi, funga uzi. Simu za kukunja sehemu ya juu na ya chini zinaongea kwa utepe mwembamba unaopita ndani ya bawaba. Ule utepe una njia nyingi ndogo za shaba, kila ukifungua na kufunga unajikunja palepale, miaka inapita njia moja inapasuka. Ikipasuka haikatiki moja kwa moja, kuna mkao inagusana na kuna mkao inaachana. Kwa mzee inagusana ikifunguliwa inaachana ikifungwa, na simu nyingi za aina hiyo spika ya mlio iko kwenye mfuniko. Basi. Hata kioo cha nje kufa ni utepe huohuo, ulianza kuaga mapema.

#4 NyotaReli
Kabla ya kufungua simu ya watu na bisibisi anza na namba za nyota, ni bure. Piga *#61# uone kama kuna kuelekeza simu pale asipopokea. Watu wengi wamewekewa bila kujua. Ukikuta kuna namba pale futa zote kwa mpigo ##002# halafu jaribu tena. Na huo muda wa kusubiri kabla haijaelekezwa unawekwa kuanzia sekunde 5 hadi 30 kwa kupanda tano tano, ukiwekwa 5 mzee hata miwani hajavaa simu imeshahama.

#5 FundiBawaba
@NyotaReli soma swali mkuu. Inaita mpaka inakata, haihami. Na kuelekeza simu kunafanyika huko kwenye mtandao, mtandao utajuaje kama mfuniko umefungwa au umefunguliwa?

#6 NyotaReli
Sijasema mtandao unajua. Nimesema aanze na cha bure. Wewe kila simu kwako ni fleksi, hata ikiisha chaji fleksi.

#7 MjukuuMtukutu
Hahaha siti ya mbele ina raha yake.

#8 BiMkunjo
Mi si fundi ila nimetumia simu za kukunja miaka mingi. Angalia zile batani za pembeni za kuongeza na kupunguza sauti. Simu ikiwa imefungwa na inaita, ukigusa batani ya pembeni inanyamaza, mpigaji bado anasikia inaita. Ndivyo zilivyotengenezwa, uko kwenye mkutano unaiminya ndani ya mfuko yaishe. Na kwenye baadhi ukiishikilia batani ile ile ikiwa imefungwa unabadilisha aina ya mlio kabisa, sauti kubwa, ndogo, mtetemo, kimya. Ikiwa imefunguliwa batani hizohizo zinafanya kazi nyingine. Mzee anaiweka kwenye nini? Kama ni kile kipochi cha mkandani basi kinaiminya.

#9 KitindaMimba
@BiMkunjo kweli ana kipochi cha ngozi, kile cha kujifunga kwa sumaku. Ila hata ikiwa mezani nje ya kipochi haiiti.
@NyotaReli namba za nyota haziwezekani, batani ya reli (#) imezama, ukibonyeza haitoi kitu.

#10 MjukuuMtukutu
NyotaReli kabaki Nyota.

#11 NyotaReli
Pole kwa mzee. Basi kuna nyingi zitakupita, *#06# ingekupa IMEI, namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15 na zile 8 za mwanzo ndo zinasema ni simu ya modeli gani, tungemaliza hili la kaduara kamoja.

#12 Usumaku
Wote mmeruka kitu muhimu. Simu inajuaje imefungwa? Ndani ya mfuniko kuna sumaku ndogo kama punje, na upande wa pili kuna sensa inayohisi sumaku. Mfuniko ukikaribia sensa inasema imefungwa, skrini inazima, simu inakata kama ulikuwa unaongea. Jaribu: ifungue, chukua sumaku yoyote ndogo ipitishe polepole pembeni ya batani na juu ya mfuniko, utafika mahali skrini inazima ghafla, hapo ndipo sensa ilipo. Sasa kipochi cha sumaku kikikaa karibu miaka kinaivuruga.

#13 FundiBawaba
Kinaivuruga iseme nini? Imefungwa? Si imefungwa kweli! Sumaku ya kipochi ingekuwa shida kama simu inajiona imefungwa wakati iko wazi. Huyu yake ni kinyume.

#14 Usumaku
Inategemea ncha. Sensa nyingine zinasikia ncha moja tu, ukileta ncha ya pili zinapingana, simu inajiona iko wazi wakati imefungwa.

#15 FundiBawaba
Sawa, ijione iko wazi. Ikiwa wazi si mleta mada kasema inaita? Umejikata mwenyewe.

#16 Usumaku
...ngoja nifikirie.

#17 TaratibuTu
Nje ya mada kidogo, nimefurahi kuona uzi wa simu za kukunja. Ile Motorola RAZR ya 2004 ndo ilikuwa ya kwanza duniani ya kukunja nadhani, batani zake zimekatwa kwenye bati moja flati, ukipitisha kidole husikii hata mpaka.

#18 Msahihishaji
@TaratibuTu hapana. Motorola hao hao walitoa StarTAC mwaka 1996, hiyo ndiyo inayohesabiwa ya kwanza ya kujikunja kati kwa kati, spika juu, batani chini. Ilikuwa na gramu 88 hivi. Na kabla yake kuna MicroTAC ya 1989 ila ile kilikuwa kimfuniko tu cha kufunika batani, spika na kioo vilibaki nje. RAZR V3 sifa yake ilikuwa wembamba, milimita 13.9, na familia yake yote iliuza zaidi ya simu milioni 130. Ya kwanza, hapana.

#19 TaratibuTu
Asante mwalimu. Naomba nikae.

#20 Kibogoyo
Hiyo V3 niliwahi kuwa nayo, tundu la chaja ni mini USB, na lile pembe la chini lililovimba kama kidevu ndo kulikuwa na antena. Nilikuwa naishika kwa kidevu mtandao unashuka, nikidhani eneo baya kumbe mkono wangu.

#21 AntenaFupi
@Kibogoyo umegusa penyewe. Kwa nini hakuna aliyeuliza kuhusu antena? Simu ikifunguliwa na ikifungwa mkao wa antena na vyuma vilivyo karibu yake vinabadilika. Pengine ikifungwa mtandao unapotea.

#22 BiMkunjo
Mtandao ukipotea mpigaji angeambiwa haipatikani. Yeye anasema inaita. Kwanza mleta mada una uhakika inaita na sio ule mlio mwingine?

#23 KitindaMimba
Inaita kabisa, ile ya kawaida ndefu.

#24 FundiBawaba
Basi simu imepokea wito, mlio ndo haufiki kwenye spika. Tunarudi kwenye fleksi.

#25 LainiNdogo
Hamjauliza laini. Simu za zamani zinakula laini kubwa ya milimita 25 kwa 15, sasa hivi laini ni kale kadogo, lazima kavae fremu ya plastiki. Mfuniko ukipigwa kwa nguvu laini inaruka ndani ya fremu. Ya mama yangu ilikuwa inaomba PIN kila akimaliza kuongea na kufunga, sababu ilikuwa inajiona kama laini imetolewa ikarudishwa. Tulibandika kipande cha karatasi nyuma ya laini ikatulia.

#26 FundiBawaba
Laini ikiruka inakuwa haipatikani. Inaita jamani. INAITA.

#27 LainiNdogo
Nimetoa ushuhuda tu mkuu usinipigie kelele.

#28 KidoleGumba
Kuna jaribio rahisi la kumaliza ubishi wa spika. Fungua menyu, nenda kwenye milio, cheza mlio wowote, halafu anza kufunga mfuniko polepole usikilize unakatika kwenye pembe gani.

#29 BiMkunjo
Haitafanya kazi, ukifunga tu menyu inajifunga na mlio unakata hata kama spika ni nzima. Tumia alamu. Weka dakika mbili mbele, funga, iache mezani. Ikilia imefungwa basi spika na waya vizima, tatizo liko kwenye setingi. Isipolia FundiBawaba ana haki ya kutuzomea.

#30 FundiBawaba
Nakubali jaribio hilo.

#31 Kibogoyo
Wakati tunasubiri jibu: kuna mtu anakumbuka kuandika meseji kwa batani tisa? Neno "mama" lilikuwa rahisi, 6 mara moja, 2 mara moja, 6, 2, umemaliza, mabonyezo manne. Neno "baba" ni mateso. Herufi zote ziko kwenye 2. Unabonyeza mara mbili upate b, unasubiri kishale kitulie, mara moja upate a, unasubiri, mara mbili, unasubiri, mara moja. Usiposubiri inakuwa c. Baba yangu alikuwa akilalamika kwamba meseji zote nyumbani zinaandikwa kwa mama na mi nilikuwa najua sababu.

#32 MjukuuMtukutu
Hahahaha hii nimeituma kwa ndugu zangu wote.

#33 Msahihishaji
Kulikuwa na T9, unabonyeza kila herufi mara moja tu na simu inabahatisha neno.

#34 Kibogoyo
Inabahatisha kwa lugha inayoijua! Yangu Kiswahili ilikuwa haijui nikaanza kuifundisha neno moja moja inahifadhi kwenye kamusi yake. Shida nikaifundisha "nalala", "nakala" na "makala". Angalia batani zake, zote tatu ni 625252. Nikawa naaga usiku mwema mpenzi, nakala. Akajibu, nakala ya nini?

#35 BiMkunjo
Nimecheka peke yangu humu watu wanadhani nimechanganyikiwa.

#36 TaratibuTu
Na ule ukomo wa herufi 160. Ndo maana tulikuwa tunakata maneno "xaxa", "kwl", "cjui" ili isiwe meseji mbili.

#37 Msahihishaji
Hiyo 160 ina historia. Mjerumani mmoja Friedhelm Hillebrand mwaka 1985 alikaa na taipureta akaandika sentensi za kawaida na maswali ya kawaida akahesabu herufi, akaona nyingi haziziditi 160. Na ukizidisha haikatwi 160 na 160, kila kipande kinabaki 153, zingine zinatumika kuviunganisha. Ukiweka herufi ya maandishi yasiyo ya kilatini meseji moja inashuka mpaka 70.

#38 MjukuuMtukutu
"Haziziditi" nayo T9 hiyo?

#39 Msahihishaji
Hazizidi. Kidole kimeteleza.

#40 KitindaMimba
Wakuu nimerudi. Nimefanya la alamu jana jioni. Nikaweka dakika mbili, nikaifunga, nikaiweka katikati ya meza, mi na mzee tunaitazama kama yai linaloanguliwa. IMELIA. Imefungwa na imelia kwa sauti kubwa, mzee akaichukua akaifungua akasema "haloo".

#41 BiMkunjo
Mzee ana vituko huyo. Basi spika nzima. Fundi?

#42 FundiBawaba
Kulia mara moja sio ushahidi. Utepe uliopasuka hauna msimamo, leo unagusa kesho hauugusi, hata joto linabadilisha. Afanye mara kumi.

#43 NyotaReli
Sasa fleksi imekuwa na hisia.

#44 KidoleGumba
Ngoja, @KitindaMimba nikuulize kitu. Zile mara ulizojaribu ikiwa imefungwa alikuwa anapiga nani na saa ngapi? Na zile za imefunguliwa?

#45 KitindaMimba
Imefungwa nilikuwa napiga mimi jioni nikitoka kazini. Imefunguliwa dada yangu alikuwa anapiga asubuhi kwenye saa tano, yuko naye pale nyumbani.

#46 KidoleGumba
Hapo sasa! Umebadilisha vitu vitatu kwa pamoja, mfuniko, mpigaji, na saa. Hatujui hata kama mfuniko unahusika. Kuna simu zina setingi ya "iite kwa nani", unachagua kikundi, walio nje ya kikundi wanaita kimya. Namba yako mzee kaihifadhi wapi, kwenye simu au kwenye laini? Majina ya kwenye laini hayakai kwenye kikundi, laini inashika jina na namba basi. Inawezekana dada yuko kwenye simu wewe uko kwenye laini.

#47 MjukuuMtukutu
Kwa hiyo kitinda mimba hayuko kwenye familia.

#48 KitindaMimba
Nimeangalia. Dada yuko kwenye simu, mi niko kwenye laini, na nimeandikwa "KITINDA MI" jina limekatika. Roho imeniuma kidogo.

#49 SaaMbovu
Mimi naliangalia la saa. Kuna profaili ya kimya ya muda, ukiiwasha simu inakuuliza mpaka saa ngapi, ikifika inarudi yenyewe kwenye mlio. Mzee analala mchana?

#50 KitindaMimba
Kila siku baada ya chakula, saa nane mpaka saa kumi.

#51 SaaMbovu
Sikiliza vizuri basi. Wazee wengi wanaiweka saa ya simu kwa saa za Kiswahili, ikiwa saa mbili asubuhi simu inasoma 2:00 na wao ndo wanaelewa. Hiyo haina shida yoyote mpaka siku betri itoke au mtandao uirekebishe saa yenyewe. Sasa simu inasoma 14:00, yeye anataka kulala mpaka saa kumi, anaandika 10:00 kama alivyozoea. Simu inaelewa saa 10:00 ya kesho, yani saa nne asubuhi. Inakaa kimya masaa ishirini! Inaamka saa nne asubuhi, inaita vizuri, dada anapiga saa tano inaita, mzee analala saa nane anaizima tena. Wewe unapiga jioni, kimya. Na alamu kwenye simu nyingi inalia hata ukiwa kwenye kimya, kwa hiyo jaribio la alamu halijatuambia chochote.

#52 BiMkunjo
Nimesimama nikapiga makofi.

#53 KidoleGumba
Hii imekaa. Nafuta ya kikundi.

#54 FundiBawaba
Ni hadithi nzuri. Ila betri ilitoka lini?

#55 KitindaMimba
Yule fundi wa pili aliitoa kuangalia karatasi, ila tatizo lilikuwa limeshaanza. Wa kwanza sikumbuki. Saa inasoma 14 na kitu kweli, mzee anasema "hiyo saa imeharibika ila naijua, natoa sita".

#56 SaaMbovu
Anatoa sita kichwani kusoma. Akiandika je, anakumbuka kujumlisha?

#57 KitindaMimba
Nimemuuliza. Kasema hajawahi kugusa mambo ya kimya, yeye akilala analala, simu ikiita itamwamsha.

#58 MjukuuMtukutu
Wazee wote huwa hawajagusa kitu.

#59 Kibogoyo
Kweli, ila tuwe na huruma. Mi mwenyewe niliwahi kuchanganya PIN ya laini na namba ya usalama ya simu. Simu iliomba namba ya usalama ambayo ilikuwa ile ya kiwandani tu 12345, mi nikaona neno "namba" nikaenda kwenye PIN nikakosea mara tatu ikaomba PUK, ile namba ya kufungulia laini iliyojifunga, nikaanza kubahatisha PUK. Ukikosea PUK mara kumi laini imekufa haifufuki. Nilifika mara tisa. Mara ya tisa nilikuwa natoka jasho kama nategua bomu.

#60 LainiNdogo
Ya kumi ilikuwaje?

#61 Kibogoyo
Sikupiga ya kumi. Niliikuta PUK kwenye ile kadi kubwa laini ilipobanduliwa, nilikuwa naitumia kuwekea alama kwenye kitabu.

#62 BiMkunjo
Turudi. @KitindaMimba fanya jaribio safi sasa. Saa ileile, mpigaji yuleyule, piga imefungwa, kata, piga imefunguliwa, kata, rudia mara tano. Usiiweke kwenye kipochi, usiishike pembeni.

#63 KitindaMimba
Sawa usiku huu.

#64 Vichwani
Wakati anafanya, aangalie pia kama kuna kialama cha hedfoni juu ya skrini. Tundu likiingia uchafu simu inadhani umechomeka waya wa masikioni na mlio unaenda huko. Yangu ilikuwa hivyo nikasafisha kwa kijiti cha meno.

#65 KitindaMimba
Matokeo ya saa mbili usiku, napiga mimi peke yangu, nimekaa chumba cha pili mlango wazi. Imefungwa: kimya, kimya, kimya, IKAITA, kimya. Imefunguliwa: ikaita zote tano. Hakuna kialama cha hedfoni. Profaili imeandikwa ya kawaida, sio ya kimya.

#66 SaaMbovu
Ile moja iliyoita ikiwa imefungwa ndo imeniua.

#67 FundiBawaba
Ile moja ndo imenifufua. Haina msimamo. Nilisema #42.

#68 Usumaku
Nimemaliza kufikiria. Kama sensa imechoka, mfuniko ukifungwa simu inakaa katikati, haijui iko wazi au imefungwa, inafungua na kufunga yenyewe haraka haraka. Na kuna setingi ya kujibu kwa kufungua, na nyingine kufunga ukiwa unaitwa ni kunyamazisha. Kwa hiyo inaanza kuita, sensa inasema "amefunga", inanyamaza. Mpigaji anaendelea kusikia inaita.

#69 BiMkunjo
Aisee hii nayo inaingia akilini. Kuna simu kweli ukiifungua ili uone nani halafu ukaifunga inanyamaza.

#70 NyotaReli
Mnaisahau batani ya reli. Kasema #9 imezama. Kwenye simu nyingi ukishikilia reli kwa muda inaingia kimya, ukishikilia tena inatoka. Mfuniko ukikaa juu ya batani iliyozama vibaya unaiminya!

#71 FundiBawaba
Ikifungwa batani za ndani hazifanyi kazi, simu inazifunga.

#72 Usumaku
Zinafungwa na nini? Na sensa. Na sensa ikiwa imechoka?

#73 NyotaReli
Asante Usumaku. Miaka yote watu wananicheka na reli zangu.

#74 FundiBawaba
Batani kasema haitoi kitu. Batani iliyokufa inaingizaje kimya? Na profaili kasema ni ya kawaida.

#75 NyotaReli
Haitoi kitu ukiibonyeza kwa kidole. Kuna tofauti ya kufa na kukwama. Mwambie afungue simu usiku aangalie kwa tochi kama kwenye mfuniko kuna alama ya kusuguliwa sehemu inayotazamana na reli.

#76 KitindaMimba
Nimeangalia kwa tochi. Kioo cha ndani kina alama ya batani zote, kama kimelaliwa. Ya reli ipo, ya sifuri ipo, ya tano ndo kubwa kuliko zote, ile yenye kinundu. Sijui inasema nini.

#77 MjukuuMtukutu
Inasema mzee anaikalia.

#78 Kibogoyo
Au betri imevimba inasukuma batani kutoka chini. Itoe uiweke mezani uizungushe kwa kidole, nzima inakwama, iliyovimba inazunguka kama pia. Ikizunguka usiirudishe, hiyo tafuta nyingine.

#79 KitindaMimba
Imezunguka kidogo. Robo hivi. Inahesabika?

#80 FundiBawaba
Robo ni meza yako.

#81 Kibogoyo
Robo inahesabika, usisikilize watu wa fleksi.

#82 KitindaMimba
Wakuu nimemweleza mzee yote haya, fleksi, sumaku, reli, saa, betri. Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema tatizo ni dogo, kuanzia leo ataiacha wazi, kaiegesha kwenye kikombe imekaa kama picha ya ukutani. Nikampigia ikaita, akaichukua, akaifunga. Ikakata. Akaniuliza mbona umekata.

#83 BiMkunjo
Mzee apewe uzi wake jamani.

#84 FundiBawaba
Ukipata nafasi nitumie picha ya bawaba kwa karibu, upande wa kushoto.

#85 Mgeni_Mpya
Samahani kuingilia wakuu. Yangu ni ya kukunja pia ila ni kinyume, ikifungwa inaita vizuri, ikifunguliwa mlio unakata na mpigaji anaambiwa haipatikani. Nifungue uzi mwingine au niulize hapahapa?

#86 LainiNdogo
Uliza hapahapa. Hiyo ni laini.

#87 FundiBawaba
Fleksi.